Namna Askari wa Zimamoto Wanavyomtoa Majeruhi kwa Mkanda

Ndani ya chumba kilichojaa moshi, askari wa zimamoto kwa kawaida hambebi majeruhi begani kama ionekanavyo katika filamu; humburuta sakafuni. Moshi na hewa ya moto hupanda juu, hivyo hewa yenye nafuu husalia chini. Anayeinuliwa hupelekwa penye joto na sumu zaidi, naye mwokoaji aliyebeba mtungi wa hewa huchoka upesi.

Kifaa chenyewe ni mkanda bapa wa nailoni, wenye upana wa takribani milimita 25, uliounganishwa ncha zake ukawa kitanzi kirefu. Hulazwa kifuani na kupitishwa chini ya makwapa yote mawili hadi nyuma ya mabega. Hapo upande mmoja wa kitanzi huingizwa ndani ya mwingine, kisha huvutwa hadi ukaze. Haupiti shingoni kamwe. Majeruhi huvutwa kichwa kikitangulia, mwili ukiwa umenyooka, ili uti wa mgongo usipindwe.

Mwananchi asiye na mkanda aweza kutumia shuka zito au blanketi: mlaze majeruhi juu yake, shika pembe za upande wa kichwa, uvute ukiwa umeinama. Khanga chakavu huchanika.

Hata hivyo, jengo likishajaa moshi, asirudi ndani mtu asiye na kifaa cha kupumulia, hata kama aliyebaki ni mwanawe. Kwa walioko Tanzania, piga 114, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ukitaja mtaa, alama iliyo karibu na chumba alimo aliyebaki.