Asubuhi ku Coco Beach, tunapiga foto

Mukuba wetu unatoka Kolwezi na Likasi kwa makamyo, unavuka Kasumbalesa, unakata Zambia mpaka Tunduma, kisha Dar es Salaam. Sisi tunaouchimba, wengi hatujaonaka bahari. Njo maana, wakati sendika ilitutuma kule, tuliamka mbele ya saa kumi na mbili, tukaenda ku Coco Beach na telefone zetu.

Kule jua linatokea ku bahari, na halikawii. Foto nzuri zinapatikana mbele yake, wakati maji yamerudi nyuma na mchanga uliolowa unang'aa kama kioo. Jua likitoka, guseni ekra pale penye mwangaza, mupunguze. Bila vile mbingu inakuwa nyeupe tu. Na mupanguse kamera kila mara, juu chumvi inashika palepale.

Wavuvi walikuwa wanavuta nyavu. Tulisema "Shikamoo mzee", kama wanavyosemaga kule, tukaomba. Mmoja alikataa, tukashusha telefone. Na siye hatupendi mugeni anayekuja kutupiga foto ku shimo bila kutuuliza, si vile? Bandarini hatukupiga hata moja, kule wanakataza.

Mbali, meli zilikuwa zimetia nanga, zinangojea zamu ya kuingia. Tuliporudi, mutoto wa kamarade mmoja aliangalia foto, akauliza: "Papa, mukuba yako itaingia ku ipi?" Hakuna aliyejua. Foto ile tumeibandika ku biro ya sendika, karibu na karatasi ya bei ya mukuba.