Dawa ya Kulainisha Choo Ina Madhara

Ndugu msomaji wa Kamanga, ukikosa choo siku 2 unakimbilia dukani. Unanunua dawa ya kulainisha choo bila cheti cha daktari. Je, unajua madhara yake?

Ukinywa nyingi, tumbo litasokota na utaharisha. Mwili utapoteza maji na chumvi. Utasikia kiu, kizunguzungu na kulegea. Ukiinywa kila siku, matumbo yanaweza kuizoea.

Hatari kubwa ni hii. Kama tumbo linauma sana, limevimba, au unatapika, usinywe dawa hiyo. Huenda utumbo umeziba, au kidole tumbo kina ugonjwa. Dawa inaweza kufanya utumbo upasuke. Nenda zahanati mara moja. Ukiambiwa uvuke kwa kivuko uende Hospitali ya Bugando, usichelewe.

Mama mjamzito na mtoto mdogo wasinywe kabla ya kumwuliza mganga wa zahanati.

Dawa ya kwanza iko shambani kwako. Kula mapapai, matembele na maharage. Kunywa maji ya kutosha. Maji ya ziwa yachemshe kwanza. Tena, haja ikikushika, usiizuie.