ALIYEACHWA NJE AKAWA MWALIMU WA MABINGWA

Katika nchi zenye baridi kali, maji ya ziwa huganda yakawa magumu kama sakafu ya saruji. Watu hutembea juu yake. Huko kuna mchezo uitwao mpira wa magongo wa barafuni. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, wakateleza kwa kasi sana. Kila timu huwa na watu 6 uwanjani, pamoja na mlinda mlango. Hawapigi mpira wa duara. Hupiga kisahani kigumu cha raba.

Leo tunaeleza habari za Herb Brooks wa Marekani. Aliucheza mchezo huu, kisha akaufundisha.

Brooks alizaliwa mwaka 1937 katika mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota. Mwaka 1960 alikuwa katika kundi la wachezaji waliojiandaa kwa michezo ya Olimpiki. Siku chache kabla ya michezo, kocha alimwondoa. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuachwa. Wenzake wakaenda, wakashinda medali ya dhahabu. Brooks aliwatazama kwenye televisheni, yuko nyumbani.

Jamani, hebu tufikiri. Mwingine angeuacha mchezo kabisa. Brooks hakuacha. Alicheza katika Olimpiki ya mwaka 1964 na ya mwaka 1968, ingawa hakupata medali. Mwaka 1972 akawa kocha wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Timu yake ikawa bingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 1974, 1976 na 1979.

Ndipo akapewa timu ya taifa kwa ajili ya Olimpiki ya mwaka 1980. Kazi ilikuwa nzito. Muungano wa Sovieti, ambao wengi tuliuita Urusi, ulikuwa umeshinda Olimpiki 4 mfululizo. Wachezaji wa Brooks walikuwa vijana, na wengi walitoka vyuoni.

Brooks alikuwa mkali. Mwezi wa Septemba 1979, vijana wake walitoka sare 3 kwa 3 na Norway. Aliona hawakujituma. Basi mchezo ulipokwisha aliwarudisha uwanjani, wakakimbizwa kwenda na kurudi. Hata taa zilipozimwa, waliendelea gizani.

Kisha ilifika siku ngumu. Timu ilitakiwa iwe na wachezaji 20 tu. Mmoja alipaswa kuachwa, naye akawa Ralph Cox. Safari hii Brooks ndiye aliyelazimika kulitamka neno lile aliloambiwa yeye mwaka 1960.

Tarehe 9 Februari 1980 walicheza na Warusi mchezo wa majaribio, wakafungwa 10 kwa 3. Lakini tarehe 22 Februari, mjini Lake Placid, waliwashinda Warusi hao hao 4 kwa 3. Siku 2 baadaye wakaishinda Finland 4 kwa 2, wakapata dhahabu.

Mwaka 2002 Brooks aliiongoza tena timu ya taifa, ikapata medali ya fedha. Alifariki katika ajali ya gari mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 66.

Sisi tunaona hivi: kuachwa nje mara moja si mwisho wa safari. Aliyeanguka akainuka anaweza kuwafundisha wengine kuinuka.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini Brooks aliachwa nyumbani mwaka 1960, na baada ya hapo alifanya nini?
2. Je, ukali wa mwalimu husaidia? Mwisho wake uwe wapi?
3. Kiongozi afanyeje anapolazimika kumwacha mtu aliyejitahidi?