Soma nambari ya runinga kabla ya kununua rimoti mpya

RIMOTI ya runinga inapokanyagwa au kutumbukia majini, wengi hufululiza hadi dukani na kununua yoyote ile, mradi ina jina la kampuni iliyounda runinga yao. Wafikapo nyumbani hugundua kuwa inawasha na kuzima tu, ilhali kitufe cha menyu hakifanyi kazi.

Rimoti nyingi hutumia miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Kila kitufe hutuma nambari yake maalumu, na runinga hutii zile inazozitambua pekee. Isitoshe, kampuni moja yaweza kutumia nambari tofauti katika runinga zake za aina mbalimbali.

Kwanza, hakikisha kwamba rimoti imeharibika kweli. Badilisha betri zote mbili kwa pamoja na usugue kutu. Kisha ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze kitufe. Ukiona taa ikimetameta kwenye skrini, rimoti ingali hai na yamkini hitilafu iko kwenye runinga. Aidha, tangu matangazo ya analogi yazimwe nchini mwaka 2015, nyumba nyingi zina rimoti mbili, ya runinga na ya king'amuzi. Jua ni ipi iliyokufa.

Pili, nakili nambari ya modeli iliyo kwenye kibandiko nyuma ya runinga, pamoja na ile ya rimoti kuukuu, ambayo aghalabu huwa mgongoni mwake au ndani ya kifuniko cha betri. Iwe unanunua Luthuli Avenue jijini Nairobi au katika duka la mtaani, mwonyeshe muuzaji nambari hizo. Rimoti mbili zaweza kufanana kwa sura na zisifanye kazi sawa.

Ukikosa inayolingana, ipo rimoti inayoweza kutumika kwa runinga za aina nyingi. Huwekwa nambari zilizoorodheshwa katika kijitabu chake, au huachwa izitafute yenyewe hadi runinga izime. Hapo ndipo wengi hukosea, kwani nambari ya kwanza kuzima runinga si lazima iwe sahihi kwa vitufe vingine. Jaribu sauti, menyu na kitufe cha kuchagua chanzo cha picha kabla ya kuridhika. Ikiwa baadhi havifanyi kazi, endelea kutafuta.

Wenye runinga za intaneti wajihadhari zaidi. Rimoti ya infraredi haiwezi kupokea amri za sauti iwapo ile ya awali ilizituma kwa Bluetooth.

Hatimaye, omba risiti na mkubaliane na muuzaji kuhusu kurejesha rimoti isipofaa. Nayo nambari ya modeli, iandike leo, kabla runinga haijatundikwa ukutani ambako kibandiko hakionekani.