Kompyuta Inapopoteza Mtandao: Uchunguzi wa Kisayansi Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Miembeni, mojawapo ya kata za Manispaa ya Bukoba, kompyuta imekwisha kuwa chombo cha kawaida kama redio ilivyokuwa zamani. Mwalimu huitumia kuandaa masomo yake. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita huitumia kujaza maombi ya chuo na ya mkopo wa elimu ya juu, ambayo siku hizi hupokewa kwa njia ya mtandao. Maombi hayo yana siku yake ya mwisho. Kwa hiyo kompyuta inapopoteza mtandao kila baada ya dakika chache, huku fomu ikiwa imejazwa nusu, jambo hilo si la kuudhi tu. Laweza kumgharimu kijana mwaka mzima.

Aghalabu kinachofuata ni kubahatisha. Ruta huzimwa na kuwashwa tena, kifurushi kingine hununuliwa, kompyuta hupelekwa kwa fundi, na mwishowe hununuliwa ruta mpya. Pengine tatizo hutoweka kwa siku mbili, kisha likarudi, na hakuna ajuaye ni kwa nini liliondoka wala ni kwa nini limerudi. Kosa lililopo hapa ni la njia. "Mtandao umekata" ni dalili, wala si ugonjwa wenyewe, kama vile homa ilivyo dalili ya maradhi mengi. Mganga mwenye busara hupima kwanza ndipo akatoa dawa. Kanuni hiyo hiyo, ambayo mwanafunzi huifuata katika maabara ya shule, yatosha kumwongoza mwenye kompyuta, na vifaa vinavyohitajika ni daftari, saa na uvumilivu.

MNYORORO WENYE VIUNGO VINNE

Habari inayotoka katika kompyuta ya nyumbani hadi ulimwenguni hupita katika mnyororo wa viungo vinne. Kiungo cha kwanza ni kompyuta yenyewe, pamoja na kipokezi chake cha mawimbi na programu inayokiendesha kipokezi hicho. Cha pili ni mawimbi ya redio yanayosafiri ndani ya nyumba. Cha tatu ni ruta, yaani kifaa kinachopokea mawimbi hayo na kuyaunganisha na njia ya nje. Cha nne ni njia ya kampuni inayotoa huduma: mnara wa simu au waya unaoingia nyumbani, halafu nyaya za nchi kavu, na hatimaye nyaya zilizolazwa chini ya bahari.

Kiungo chochote kikikatika, mtumiaji huona jambo moja tu: ukurasa haufunguki. Mfano mzuri ni wa tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilipokatika. Huduma ya mtandao ilidhoofika nchini Tanzania na katika nchi nyingine kadhaa za Afrika Mashariki na Kusini. Siku hiyo mtu wa Bukoba angeweza kuhamisha ruta yake kutoka chumba hadi chumba pasipo faida yoyote, kwa kuwa kasoro ilikuwa baharini. Kinyume chake, mara nyingi watu huilaumu kampuni ilhali kasoro imo ndani ya nyumba yao.

KUUKATA MNYORORO KATIKATI

Njia ya haraka ya kupata kiungo kibovu ni kuugawa mnyororo sehemu mbili na kuuliza: kasoro iko upande gani? Kompyuta zina amri fupi iitwayo ping, ambayo hutuma ujumbe mdogo kwenda kwenye anwani fulani na kupima muda wa jibu kurudi. Hufunguliwa madirisha mawili ya amri. Katika dirisha la kwanza huandikwa anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1; katika la pili huandikwa anwani ya mbali, kwa mfano 8.8.8.8. Katika kompyuta zenye Windows huongezwa alama ya -t mwishoni ili kipimo kiendelee bila kukoma.

Kisha husubiriwa mtandao ukatike. Ikiwa ruta inaendelea kujibu, kwa kawaida katika sehemu chache za elfu za sekunde, lakini anwani ya mbali haijibu, basi kompyuta na mawimbi ya nyumbani ni mazima. Kasoro iko nje, au katika ruta pale inapoungana na nje. Ikiwa zote mbili zimenyamaza, kasoro iko baina ya kompyuta na ruta. Hapo huangaliwa simu au kompyuta nyingine iliyomo nyumbani. Ikiwa vyombo vyote vimepoteza mtandao kwa wakati mmoja, ruta ndiyo ya kushukiwa. Ikiwa ni kompyuta moja tu, huchunguzwa kompyuta hiyo na mahali ilipowekwa. Kwa maswali haya mawili, viungo vinne vimepunguzwa kuwa kimoja au viwili, na hakuna senti iliyotumika.

WIMBI NA KUTA

Mtandao usiotumia waya, ambao wengi huuita waifai, ni redio ndogo. Mawimbi yake ni yale yale ya sumaku-umeme ambayo Heinrich Hertz aliyathibitisha kwa majaribio nchini Ujerumani kati ya mwaka 1886 na 1888. Ruta nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaani mitikisiko bilioni 2.4 kwa sekunde. Mwanafunzi wa fizikia aweza kupata urefu wa wimbi hilo kwa kugawa mwendo wa nuru, mita 300,000,000 kwa sekunde, kwa idadi ya mitikisiko: jibu ni mita 0.125, au sentimita 12.5. Ruta za kisasa hutumia pia masafa ya gigahezi 5, ambayo wimbi lake ni la sentimita 6. Masafa hayo hubeba habari nyingi zaidi, lakini hupenya kuta kwa shida zaidi.

Hata pasipo kizuizi, nguvu ya wimbi hupungua kwa kufuata mraba wa umbali. Kompyuta iliyohamishwa kutoka mita 2 hadi mita 8 hupokea sehemu moja tu ya kumi na sita ya nguvu iliyokuwa ikipokea. Kuta za matofali na zege huongeza upungufu huo. Milango ya chuma na mabati hayapitishi wimbi, bali hulirudisha kama kioo kirudishavyo mwanga. Wimbi lililorudishwa hufika likiwa limechelewa kidogo, na likikutana na lile lililokuja moja kwa moja huweza kulifuta. Ndiyo sababu kusogeza kompyuta kwa kiasi cha shubiri moja mezani pengine huleta mabadiliko makubwa. Maji nayo hufyonza mawimbi haya: tangi lililojaa, umati wa watu chumbani, na majani mabichi ya mwembe baina ya nyumba mbili, yote hudhoofisha mtandao.

Nguvu hiyo hupimwa kwa desibeli, na zipo programu za simu zinazoionyesha. Kipimo cha hasi 50 ni kizuri sana, na cha hasi 80 ni dhaifu. Kila desibeli 10 zinazopungua maana yake ni nguvu kupungua mara kumi. Hivyo tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni mara elfu moja. Kompyuta iliyo mahali pa hasi 80 itashika na kuachia mtandao kutwa. Tiba yake si kununua kitu, bali ni kuitoa ruta nyuma ya kabati au ya televisheni na kuiweka juu, katikati ya nyumba, mbali na vyuma.

MSONGAMANO WA MAJIRANI

Katika mtaa wenye nyumba zilizokaribiana, ruta ya jirani nayo hutangaza kwa masafa yale yale. Masafa ya gigahezi 2.4 yamegawanywa katika chaneli ambazo zimepishana kwa megahezi 5 tu, ilhali kila ruta huhitaji upana wa megahezi 20 hivi. Kwa hiyo chaneli za jirani huingiliana. Zile za 1, 6 na 11 ndizo zilizo mbali kiasi cha kutosumbuana. Ikiwa mtandao hukatika hasa nyakati za jioni, watu wanaporudi makwao, yafaa kuchunguza ni chaneli zipi zinazotumiwa mtaani na kuchagua ile yenye nafasi kati ya hizo tatu. Jiko la maikrowevu pia hutumia masafa ya gigahezi 2.45, mtandao unaokatika kila chakula kinapopashwa moto umekwisha kujieleza wenyewe.

MVUA, UMEME NA JOTO

Watu wengi wa Bukoba husema kwamba mvua hukata mtandao. Mji huu hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ngurumo zake nyingi huja alfajiri kutoka ziwani, kwa hiyo usemi huo haukuzuka bure. Hata hivyo hapana budi kuuchambua. Matone ya mvua hayawezi kulizuia kwa kiasi cha maana wimbi la gigahezi 2.4 linalosafiri mita chache ndani ya nyumba. Lakini minara ya simu aghalabu huunganishwa kwa mawimbi mafupi zaidi, ya masafa yanayozidi gigahezi 10, na hayo hudhoofishwa na mvua kubwa. Tena mvua huja na radi, na radi huja na kuyumba kwa umeme. Basi mvua yaweza kuwa chanzo, ila si kwa njia ambayo wengi huidhania.

Ruta nyingi hutumia umeme wa volti 12 unaotoka katika kigeuzi kidogo kilichochomekwa ukutani. Umeme ukishuka kwa nukta moja tu, taa ya chumbani hupepesa, lakini ruta huanza upya na huchukua dakika moja au mbili kurudi katika hali yake. Dalili ni vyombo vyote kupoteza mtandao pamoja, na taa za ruta kuwaka upya moja baada ya nyingine. Kigeuzi kilichochakaa huleta dalili hiyo hiyo hata umeme ukiwa tulivu. Ruta iliyofunikwa kitambaa, au kuwekwa chini ya bati lisilo na dari wakati wa jua kali, huweza kuzima kwa sababu ya joto. Radi ikikaribia, salama ni kuchomoa kigeuzi kabisa.

SIMU INAPOFANYA KAZI YA RUTA

Katika nyumba nyingi hakuna ruta. Simu ya mkononi ndiyo inayogawa mtandao. Hapa pana mambo mawili yanayowashangaza watu. La kwanza, simu nyingi hujizimia huduma hiyo zenyewe zisipoona chombo kinachoitumia kwa dakika chache, ili kulinda betri. Mwanafunzi akifunga kompyuta na kwenda kula, akirudi hukuta mtandao umetoweka. La pili, baadhi ya simu zikipokea mazungumzo hurudi katika teknolojia ya zamani ili kubeba sauti, na mtandao husimama mpaka mazungumzo yaishe. Hapo kompyuta huonyesha kwamba imeungana na simu barabara, lakini hakuna kinachopita. Kwa siku ya kujaza fomu muhimu, yafaa simu inayogawa mtandao isiwe ile inayopigiwa.

KOMPYUTA YENYEWE

Ikiwa kasoro ni ya kompyuta moja, huangaliwa kwanza mpango wa kubana matumizi ya umeme. Kompyuta nyingi huruhusiwa kukizima kipokezi cha mawimbi zinapotumia betri. Jaribio ni rahisi: je, mtandao hukatika pia kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye umeme? Ikiwa la, ruhusa hiyo huondolewa katika mipangilio ya kipokezi. Pili, programu inayoendesha kipokezi yaweza kuwa imepitwa na wakati, au toleo jipya limeleta kasoro. Katika hali hiyo hurudishwa toleo lililotangulia. Tatu, ruta inayotumia masafa mawili kwa jina moja huweza kuifanya kompyuta irukeruke kati ya gigahezi 2.4 na 5. Kuyapa masafa hayo majina tofauti huondoa tatizo. Mwisho, vyombo viwili vilivyopewa anwani moja kwa mkono vitanyang'anyana njia.

DAFTARI NDILO CHOMBO KIKUU

Kasoro inayokuja na kuondoka haikamatwi kwa kumbukumbu ya kichwani. Kwa muda wa siku tatu huandikwa saa ambayo mtandao ulikatika, muda uliochukua kurudi, chumba, hali ya umeme, hali ya hewa, na kama vyombo vingine vilikatika pia. Mara nyingi chanzo hujitokeza chenyewe katika safu za daftari. Ndipo hubadilishwa jambo moja, moja tu, na kipimo hurudiwa. Anayehamisha ruta, kubadili chaneli na kusasisha programu kwa siku moja hata akifaulu hatajua ni lipi lililomponya.

Shuleni somo hili laweza kufanywa jaribio. Wanafunzi hupima desibeli kwa simu katika umbali wa mita 1, 2, 4 na 8 kutoka kwenye ruta, uwanjani na kisha darasani, na kuchora grafu mbili. Baadaye simu hufungwa vizuri ndani ya karatasi ya alumini, na chombo cha pili huangalia kama simu hiyo bado inajibu amri ya ping. Kwa vifaa hivyo vichache darasa litakuwa limeshughulikia kanuni ya mraba wa umbali, urudishaji wa mawimbi na kinga ya metali.

Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "kasoro iko upande gani?" kabla ya kugusa kitu atakuwa amepata zaidi ya mtandao usiokatika. Swali hilo hilo litamfaa mbele ya pampu iliyokataa kuvuta maji, pikipiki isiyowaka na mche wa mgomba unaonyauka. Fomu yake itafika kabla ya siku ya mwisho, na fedha ambazo zingenunua ruta isiyohitajika zitabaki nyumbani.