Je, Wajua? Chuma Kitupu Kina Kilo 20

Je, wajua kwamba chuma cha wanaume cha mashindano ya kunyanyua uzito, kabla hakijavishwa hata sahani moja ya uzito, tayari kina kilo 20? Cha wanawake kina kilo 15, nacho ni chembamba kidogo.

Wajua kwamba Starting Strength, kitabu cha Mmarekani Mark Rippetoe kilichotoka mwaka 2005, kinamfundisha anayeanza mazoezi makuu matano tu? La kwanza ni kuchuchumaa na chuma mgongoni: seti tatu za mara tano tano, siku tatu kwa wiki, na kila siku ya mazoezi uzito unaongezwa kidogo. Kunyanyua chuma kutoka sakafuni ni seti moja tu ya mara tano, kwa sababu kunachosha mno.

Vitabu vya namna hii, na vyuma vyenyewe, si vya jana. Eugen Sandow, mtunisha misuli maarufu, alitoa chake mwaka 1897. Mwaka 1902 Alan Calvert alianzisha Philadelphia kampuni ya vyuma vya kuongezwa uzito, akaiita Milo, jina la mwanamieleka wa Ugiriki ya kale anayesimuliwa kuwa alibeba ndama kila siku mpaka akawa fahali.

Na wajua nani aliyewashawishi madaktari wakubali mazoezi ya uzito? Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwapa askari walioumia magoti uzito wa kuongeza hatua kwa hatua, pale ambapo wengi waliamini mgonjwa aepushwe mzigo. Mwaka 1951 aliandika kitabu kuhusu njia hiyo. Kwangu mimi, huyu ndiye anayestahili heshima kubwa kuliko wote.

La mwisho linawahusu wanaonyanyua zege lililomwagwa kwenye makopo, kama ilivyo mitaani kwetu. Sahani kubwa za mashindano zina kipenyo cha milimita 450, kwa hiyo chuma hukaa sentimita 22.5 juu ya sakafu, na picha za vitabuni huchukulia kimo hicho. Kopo ni dogo. Chuma kinashuka karibu na vifundo vya miguu, na anayekifuata huko chini hupinda mgongo. Kabla ya kunyanyua, pima kwa rula kutoka sakafuni hadi katikati ya chuma, kisha weka matofali imara chini ya makopo mpaka kimo kitimie.