Mtapo wa Ituri na Miche ya Chupani

Msafiri atokaye Bunia akapita Komanda na Mambasa huingia katika msitu ambao ulimwengu waujua kwa sababu ya okapi tu. Lakini upande wa kaskazini wa Hifadhi ya Okapi, iliyoasisiwa mwaka 1992 na kutiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1996, huchomoza juu ya miti vilima vitupu vya mawe ya itale, na juu ya majabali hayo, penye udongo haba na jua kali, huishi mmea usiojulikana kuota kwa asili yake ila katika Ituri. Wataalamu Bamps na Lisowski waliueleza mwaka 1990, wakauita Encephalartos ituriensis. Nasi, kwa kuwafuata watu wa pwani katika jina la jamaa zake, na tuuite mtapo wa Ituri.

Kwa sura waweza kuudhania mnazi mfupi, ila nasaba yake ni ya kale kuliko mimea yote itoayo maua. Hukua polepole mno, na kila mmea ama ni dume ama ni jike, hata mbegu isipatikane mpaka wawili hao wakaribiane. Mmea wa tabia hizo, ukishang'olewa, haurudi upesi. Na hifadhi yenyewe imo katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu mwaka 1997, kwa vita, ujangili na uchimbaji wa dhahabu.

Hapo ndipo inapotajwa maabara, ikuzayo miche chupani kutoka kipande kidogo cha mmea. Msingi wa elimu hii ni kwamba chembe moja hai ya mmea imebeba asili ya mmea mzima, jambo alilolitabiri Gottlieb Haberlandt wa Austria mwaka 1902 asijaliwe kulithibitisha. Mtaalamu hukata ncha changa, akaitakasa kwa spiriti na klorini isibaki kuvu wala bakteria, kisha huilaza chupani juu ya agari itokayo katika mwani, iliyotiwa sukari, vitamini na chumvi kwa kadiri walizozipanga Murashige na Skoog huko Marekani mwaka 1962. Homoni ya namna moja ikizidi, hutoka machipukizi. Ikizidi ya namna ya pili, hutoka mizizi. Machipukizi hugawanywa tena na tena, na hivyo ncha moja ya mgomba huweza kuzaa mamia ya miche, ambayo sharti izoezwe kivulini taratibu, maana majani yaliyolelewa katika unyevu hayawezi kustahimili upepo. Huko Leuven, Ubelgiji, aina zaidi ya 1,500 za migomba, jamaa za makemba yetu, zimehifadhiwa kwa njia hii, na nyingi zimetiwa katika nitrojeni yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri.

Mtapo ni mgumu kuliko mgomba kukubali chupa, lakini ugumu huo si hoja kubwa. Hoja kubwa ni kwamba maabara hunakili kile ilichopewa. Mwaka 1895 John Medley Wood aliona katika msitu wa oNgoye, Afrika Kusini, mtapo mmoja wenye vigogo vinne, uitwao sasa Encephalartos woodii. Kigogo cha mwisho kikaondolewa msituni mwaka 1916. Ulikuwa dume, na jike hajapatikana hata leo. Machipukizi yake yamepandwa bustani nyingi za dunia, tangu Kew ya London, nayo yote ni madume, kwa kuwa yote ni mmea ule ule mmoja. Na hata ingefanywa miche milioni chupani, isingezaa mbegu moja ya aina yake.

Mtapo wetu haujafikia msiba huo. Kwa hiyo nawasihi wasimamizi wa hifadhi, vyuo na wafadhili: zikusanywe mbegu na ncha za madume na majike, katika vilima vingi wala si kimoja, zingali zapatikana, na wakati maabara inafanya kazi yake, mchimba dhahabu azuiwe kuvigusa vilima vyenyewe.